Siku Kama ya Leo, Unguja na Pemba: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Kalenda ya Matukio ya Kihistoria

Kila asubuhi simu za watu wengi hapa Visiwani hupokea orodha ya mambo yaliyotokea "siku kama ya leo". Mfalme fulani wa Ulaya alizaliwa, timu fulani ilichukua kombe, ndege fulani iliruka mara ya kwanza. Ikifika 27 Agosti, Zanzibar nayo hutajwa, kwa sentensi moja tu: vita vifupi kuliko vyote duniani. Waliokufa hawatajwi, kasri iliyobomoka haitajwi, wala hatujui nani alitawala jioni yake. Mwanafunzi wa Wete au wa Makunduchi huisoma, akacheka, akaendelea na mengine.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa historia, kiongozi wa klabu ya skuli, mtu wa barazani mwenye ubao, au yeyote anayeongoza kundi la WhatsApp la mtaa na anataka kalenda inayoanzia kwetu kisha ndiyo itoke kwenda duniani. Kazi yenyewe si ngumu ila ina mitego, na mitego mingi imo ndani ya tarehe. Huko ndiko nitakakokaa sana.

Kabla hujaanza, shika jambo moja litakalokuongoza mpaka mwisho. Matukio mawili yakikutana siku moja, huwa kuna sababu mojawapo kati ya mbili. Ama yameangukiana tu, ama kuna mtu aliyeichagua siku ya pili kwa sababu ya ile ya kwanza. Kalenda isiyotofautisha haya mawili humfanya msomaji aone miujiza pasipo na muujiza, na apitwe na siasa palipo na siasa.

Hatua ya kwanza: tayarisha kadi 366

Usitayarishe 365. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Jamhuri ya Muungano na kabla ya hapo Rais wa Zanzibar, alifariki 29 Februari 2024 na kuzikwa Mangapwani. Ukiwa na kadi 365 hutakuwa na pa kumweka. Katika miaka ambayo Februari ina siku 28, msome tarehe 28 na uandike wazi kwamba tukio lenyewe ni la 29. Wapo wanaopeleka Machi mosi. Mimi naona bora tukio libaki ndani ya mwezi wake.

Kadi za karatasi ngumu zilizokatwa kiasi cha kiganja zinatosha. Ukiwa na kompyuta, jedwali lenye mistari 366 litafanya kazi hiyo hiyo. Katika kila kadi acha nafasi ya mambo haya: tarehe na mwaka, siku ya wiki, mahali, nini kilitokea, umepata wapi habari hiyo, na neno moja la mwisho: "iliangukia" au "ilichaguliwa". Nafasi ya siku ya wiki usiidharau. Utaona baadaye kwamba ndiyo inayofichua makosa.

Hatua ya pili: simika nguzo

Usianze na Januari mosi ukaenda siku kwa siku, utachoka kabla ya Februari. Anza na tarehe zinazojulikana, zinazobeba uzito, kisha jaza katikati yake.

12 Januari 1964, Jumapili, Mapinduzi. 10 Desemba 1963, Jumanne, uhuru kutoka kwa Waingereza, Sultan akiwa Jamshid bin Abdullah na Waziri Mkuu akiwa Mohammed Shamte. Kati ya siku hizo mbili zimepita siku 33 tu. Ziandike zote mbili. Sikukuu ya serikali ni ya Januari, lakini mwanafunzi asiyeijua ile ya Desemba hataelewa ni dola gani iliyopinduliwa.

7 Aprili 1972, Ijumaa jioni, Mzee Abeid Amani Karume alipigwa risasi Kisiwandui, kwenye makao makuu ya chama, akiwa anacheza bao. 5 Juni 1873, Alhamisi, Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia biashara hiyo baharini. Hapa uwe makini na maneno. Usiandike kwamba siku hiyo utumwa ulikwisha. Kilichofungwa ni soko na njia ya bahari, na sheria haikuacha kuutambua utumwa wenyewe Unguja na Pemba mpaka 1897.

15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na kuharibu merikebu za Sultan. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na kuanzia hapo uzito wa karafuu ukahamia huko. Kwa skuli ya Chake Chake au Mkoani nguzo hii ni kubwa kuliko nyingi zilizomo vitabuni, kwa sababu mikarafuu ambayo watoto wanaipita wakienda skuli ina uhusiano na siku ile.

Halafu kuna matukio yasiyokubali siku moja, na Muungano ndio mfano wake mkubwa. Mkataba ulitiwa saini na Mwalimu Nyerere na Mzee Karume hapa Unguja 22 Aprili 1964. Jamhuri ya Muungano ikazaliwa 26 Aprili. Jina la Tanzania likaja 29 Oktoba mwaka huo huo. Usizibane zote ndani ya kadi ya 26 Aprili. Tengeneza kadi tatu, na katika kila moja taja nyenzake. Fanya hivyo pia kwa 1896: tarehe 25 Agosti Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia kasri, tarehe 27 Waingereza wakaipiga kasri hiyo kwa mizinga.

Nguzo kumi na tano au ishirini zinatosha kwa kuanzia. Ongeza watu walioupeleka mbali mji huu. Farrokh Bulsara, aliyekuja kujulikana kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja 5 Septemba 1946. Bi Kidude alifariki 17 Aprili 2013. Abdulrazak Gurnah alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi 7 Oktoba 2021.

Hatua ya tatu: ulizia tarehe zilizobaki

Vyanzo vipo. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina barua, ripoti na magazeti ya zamani, yakiwemo magazeti ya serikali yaliyoanza kutolewa 1892. Kasome huko ukiwa na orodha ya maswali, usiende kutazama tu. Magazeti ya harakati za miaka ya 1950 kama Mwongozi na Afrika Kwetu yatakupa siku za mikutano na chaguzi, na yasome yote mawili kwa sababu yalisimama pande mbili tofauti. Makaburi yenye maandishi na mbao za ufunguzi wa majengo nazo ni nyaraka.

Lakini chanzo kikubwa kuliko vyote ni wazee, na wengi wanaokwenda kwao huuliza vibaya. Ukimwuliza bibi "ilikuwa tarehe ngapi?" atakwambia hakumbuki, na mazungumzo yamekufa hapo. Msalimie, kaa, kunywa chai unayopewa, kisha uliza hivi: ilikuwa kaskazi au kusi? Mvua zilikuwa za masika au za vuli? Karafuu zilikuwa zinachumwa? Ilikuwa kabla ya mwezi wa Ramadhani au baada ya Idi? Siku gani ya wiki, watu walikuwa wanatoka msikitini au wanakwenda sokoni? Ulikuwa unasoma chuo gani, mtoto wako nani alikuwa tumboni?

Majibu ya maswali haya yatakukaribisha kwenye tarehe kuliko unavyodhani. Chukua Mapinduzi. Mzee akikwambia ilikuwa kaskazi, siku chache kabla ya kuanza mfungo, usiku wa Jumapili, ameshakupa 12 Januari 1964 bila kutaja tarehe, kwa sababu Ramadhani ya mwaka ule ilianza katikati ya Januari.

Siku ya wiki ihakiki papo hapo. Kalenda ya simu inarudi nyuma miaka mingi, lakini ipo njia ya kichwa ambayo wanafunzi huipenda. Katika mwaka wowote ule, 4 Aprili, 6 Juni, 8 Agosti, 10 Oktoba na 12 Desemba huangukia siku moja ya wiki. Mwaka 1972 zote zilikuwa Jumanne. Basi 4 Aprili ni Jumanne, hesabu mbele: 5 Jumatano, 6 Alhamisi, 7 Ijumaa. Kadi ya Mzee Karume ikija kwako imeandikwa "Jumapili, 7 Aprili 1972", unajua mara moja kuna kilichokosewa, na unarudi kwenye chanzo.

Yapo mambo makubwa yasiyo na tarehe kabisa. Habari za Mkama Ndume, mtawala wa kale, na ngome yake ya Pujini zinasimuliwa Pemba kizazi kwa kizazi, wala hakuna siku unayoweza kuibandika. Usiibuni. Weka kadi hizo kando, na uzisome siku ambazo sanduku lako halina kitu.

Hatua ya nne: geuza tarehe bila kuzivunja

Hapa ndipo kalenda nyingi huharibika, hasa za kwetu, kwa sababu Visiwa hivi vimeishi na kalenda kadhaa kwa wakati mmoja. Nenda polepole.

Anza na usiku. Kwa hesabu yetu siku huanza jua likizama. Usiku wa Jumapili ni ule unaotangulia mchana wa Jumapili, ambao wengine huuita Jumamosi usiku. Mzee akisema "usiku wa Jumapili" na kijana akaandika kwa hesabu ya simu, ataupeleka usiku wa Mapinduzi tarehe 12 kuamkia 13, kumbe ni 11 kuamkia 12. Kila tukio la usiku, andika katika kadi "usiku wa kuamkia tarehe fulani". Maneno hayo hayana utata kwa mtu yeyote. Meli ya MV Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba Ijumaa usiku, 9 Septemba 2011, ikazama usiku ule ule karibu na Nungwi, lakini saa sita ya usiku ilikuwa imeshapita. Kumbukumbu yake ni 10 Septemba.

Kisha saa. Nyaraka za Waingereza zinasema muda wa mwisho aliopewa Sayyid Khalid ulikuwa saa 9:00. Mtoto wetu akisoma 9:00 ataiona saa tisa alasiri, jua la mchana, watu wametoka kazini. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Geuza saa zote ziwe za Kiswahili kabla hujaandika kadi, tena andika "asubuhi", "alasiri" au "usiku" mbele yake.

Halafu Hijria, ambayo ndiyo kalenda ya barua nyingi za Kiarabu zilizomo Kilimani, ya makaburi na ya misikiti. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka huwahi kwa karibu siku 11, na huchukua kama miaka 33 kurudi mahali pale pale katika kalenda ya Januari na Desemba. Kupata mwaka kwa haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Jaribu na maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, yaliyoandikwa mwaka 500: mara 0.97 ni 485, ongeza 622, unapata 1107. Ndiyo jawabu lenyewe.

Kwa siku kamili hesabu hiyo haitoshi, utahitaji programu ya kugeuza tarehe, na hata hiyo usiiamini peke yake. Programu huhesabu, ilhali watu walioandika zile barua waliangalia mwezi kwa macho. Mwezi ukiandama Unguja siku moja baada ya hesabu, tarehe yote imesogea. Dawa yake ni siku ya wiki. Barua ikisema Alhamisi na programu ikikupa Jumatano, fuata Alhamisi, maana mwandishi anaweza kutofautiana na programu katika kuandama mwezi lakini hakusahau kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Matukio ya dini usiyageuze hata kidogo. Maulidi yako 12 Mfunguo Sita, vita vya Badr 17 Ramadhani, Fat-hi Makka 20 Ramadhani. Hizo tarehe zinaishi katika mwezi wao. Tengeneza seti ya pili ya kadi kwa miezi ya Hijria, kuanzia Mfunguo Mosi hadi Ramadhani, na kila siku soma kutoka seti zote mbili. Siku ambayo kadi mbili zinakutana huwa na ladha ya pekee, kwa sababu mkutano huo hautarudi kwa miaka mingi.

Ipo na kalenda ya tatu, ambayo inapotea na inaniuma. Wakulima na wavuvi wetu walihesabu mwaka wa jua kwa miongo, kila mwongo siku kumi, miongo 36 na siku tano za kufungia, kuanzia Nairuzi, Siku ya Mwaka. Ndiyo ile ambayo Makunduchi huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Hesabu hii haina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, kwa hiyo Nairuzi nayo hujongea taratibu. Mzee akikwambia mvua fulani ilinyesha "mwongo wa thelathini", usimkatishe. Andika maneno yake kama alivyoyasema, muulize Siku ya Mwaka ilikuwa lini mwaka huo, kisha hesabu siku mbele.

Kwa matukio ya kabla ya 1752 angalia nani aliandika. Wareno walihamia kalenda mpya 1582, Waingereza 1752. Kwa hiyo meli ya Kiingereza ya Edward Bonaventure iliyokuja Unguja mwisho wa 1591 chini ya James Lancaster ina tarehe zilizo nyuma kwa siku kumi ukizilinganisha na za Mreno wa wakati ule ule. Andika tarehe ya chanzo, na pembeni "kalenda ya kale".

La mwisho katika hatua hii: weka siku ya tukio, usiweke siku ya habari. Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini karibu na Shelisheli 19 Oktoba 1856, na mji haukujua mpaka meli ilipofika siku kadhaa baadaye. Kadi yake ni ya tarehe 19.

Hatua ya tano: kutanisha na dunia

Sasa ndiyo uende nje. Chukua nguzo yako, tafuta tukio moja au mawili ya siku hiyo kutoka kwengineko, na uchague linaloongea na letu. Orodha ndefu huua. Mtu hakumbuki matukio manane, anakumbuka mawili yaliyokaa vizuri pamoja.

Tazama 27 Agosti. Mwaka 1883, miaka 13 kabla ya mizinga ya Forodhani, mlima wa Krakatoa kule Indonesia ulilipuka siku hiyo hiyo. Mawimbi yaliua watu zaidi ya 36,000, na mshindo ulisikika hadi kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800, kuvuka Bahari hii hii ya Hindi. Huo ni mkutano wa kuangukia, hauna maana iliyofichika, lakini mwanafunzi atapata somo la bahari moja kwa mifano miwili. Tena mwaka huo wa 1883 ndio Sayyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu.

Sasa tazama 5 Februari, uone tofauti. Mwaka 1957 Jumuiya ya Waafrika na ya Washirazi ziliungana hapa Unguja, na umoja huo ukaja kuwa Afro-Shirazi Party. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa siku hiyo. Mwaka 1977 TANU na ASP ziliungana kuwa Chama cha Mapinduzi, na siku ilichaguliwa ili iwe kumbukumbu ya miaka 20 ya ASP. Hapa mwalimu ana kazi ya kufanya. Awaulize wanafunzi: kwa nini chama kipya kilitaka kuzaliwa siku ya chama cha zamani? Nani alipewa heshima, na nani alihitaji kutulizwa? Siku iliyochaguliwa ni hoja ya kisiasa, na inafaa isomwe hivyo.

25 Desemba inazo zote mbili. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa, liliwekwa Krismasi ya 1873, na hakuna shaka siku hiyo ilichaguliwa. Sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka 25 Desemba 2020, na hiyo iliangukia. Ziweke katika kadi moja, moja na neno lake, na msomaji ataelewa mpango mzima wa kalenda yako bila kuelezwa.

Kwa 12 Januari tetemeko la Haiti la 2010 ndilo tukio kubwa la nje. Kwa 7 Aprili kuna kuanza kazi kwa Katiba ya Shirika la Afya Duniani, 1948, ambayo ndiyo asili ya Siku ya Afya Duniani, na kuna kuanza kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda, 1994. Kwa 10 Desemba kuna Tamko la Haki za Binadamu la 1948.

Ila tukio ninalolipenda zaidi ni 20 Februari 1962, kwa sababu la nje na la ndani ni moja. John Glenn alipokuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia angani, Unguja ilikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia chombo chake, Tunguu, na sauti yake ilipokelewa hapo alipopita juu ya pwani yetu. Kituo kilifungwa 1964. Waambie watoto wa Tunguu hivyo, uone watakavyotazama juu.

Jihadhari na tofauti ya saa na nchi za mbali. Mguu wa kwanza wa binadamu mwezini uligusa ardhi yake jioni ya 20 Julai 1969 kwa saa za Marekani. Hapa kwetu ilikuwa saa 11:56 alfajiri ya tarehe 21. Kanuni ninayoishauri ni kuweka tarehe ya mahali tukio lilipotangaziwa dunia, kisha kutaja hapa ilikuwa saa ngapi na siku gani.

Hatua ya sita: siku zenye majonzi

Kalenda hii itasomwa na watu ambao matukio haya ni ya nyumbani kwao. Januari 1964 ina familia zilizopata nchi na familia zilizopoteza wazee, nazo zinasali msikiti mmoja. 27 Januari 2001, siku waandamanaji walipopigwa risasi, ina wenyewe Pemba. 10 Septemba kuna nyumba ambazo hakuna aliyerudi.

Usiziruke siku hizi. Kuziruka ni kuwaambia waliofiwa kwamba msiba wao si historia. Ziandike kwa maneno machache yaliyo sawa: wapi, lini, nini, watu walikufa. Usiweke vikatuni vya simu, usiweke picha za maiti, usitaje jina la marehemu wa familia ya mtaani bila ya kuwaendea wenyewe na kupata ridhaa. Pale ambapo idadi ya waliokufa imetajwa tofauti na watu tofauti, andika "watu wengi" na uendelee.

Pia angalia unachokiweka jirani. 18 Julai ni siku ya kuzaliwa Nelson Mandela, 1918, na ndiyo siku ambayo MV Skagit ilizama karibu na Chumbe, 2012, ikitoka Dar es Salaam. Hapa Visiwani Skagit hutangulia, na siku hiyo shangwe hazifai. Mandela asomwe baada yake, kwa utulivu, au asubiri 11 Februari, siku aliyotoka gerezani 1990.

Hatua ya saba: andika, soma, sahihisha

Kadi moja isizidi maneno sitini. Hii hapa inaweza kuwa kiolezo chako:

*27 Agosti 1896, Alhamisi, Forodhani. Saa 3:00 asubuhi muda aliopewa Sayyid Khalid bin Barghash kuondoka kasri ulikwisha. Dakika mbili baadaye manowari za Waingereza zikapiga mizinga. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm ikabomoka, meli ya Glasgow ikazama. Siku hiyo hiyo Sayyid Hamoud bin Mohammed akatawazwa. Iliangukia.*

Zile dakika 38 zinazotajwa kila mahali sikuzitia. Ukizitia, zitakula kadi nzima.

Skuli, isomwe mstarini na mwanafunzi, si mwalimu, na aisome jana yake kwa sauti mbele ya mtu mzima ili majina ayatamke sawa. Barazani, iandikwe kwa chaki asubuhi kabla ya kahawa kuanza kuzunguka, na iachwe mpaka usiku. Kwenye simu, tuma maandishi pamoja na sauti, kwa kuwa wazee wengi watasikiliza lakini hawatasoma. Wao ndio watakaokurekebisha.

Na watakurekebisha. Weka daftari la masahihisho lenye safu tatu: kilichoandikwa, aliyepinga anasema nini, na ulihakiki wapi. Usibadilishe kadi kwa sababu mtu amepaza sauti, wala usikatae kwa sababu kitabu kimesema vingine. Rudi kwenye siku ya wiki, rudi kwenye usiku na mchana, rudi kwenye mwezi ulioandama. Mara nyingi utakuta wote wawili wako sawa, ila mmoja alihesabu kuanzia magharibi na mwengine kuanzia saa sita ya usiku.

Mwaka wa kwanza kadi nyingi zitabaki tupu. Siku hizo soma kadi za Mkama Ndume na wenzake wasio na tarehe, au andika ubaoni swali: "Nani anajua lililotokea hapa mtaani siku kama ya leo?" Acha chaki juu ya ubao.